Kwa Baiskeli kutoka Kamenge hadi Bugarama

Kamenge, iliyo kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ni mtaa unaowahi kuamka. Barabara kuu ya kwanza ya Burundi, ile iendayo Bugarama, Kayanza na mpaka wa Rwanda, hupita hapo kabla haijaanza kupanda milima. Majogoo hayajawika bado, nayo milango ya nyumba za matofali imekwisha kufunguliwa. Wauguzi wa zamu hushika njia ya hospitali, wauza ndagala hutikisa magunia yao, na waendesha baiskeli huminya matairi kwa kidole gumba ili kujua kama upepo unatosha.

Baiskeli katika mtaa huo si kitu cha mchezo. Warundi huiita ikinga, na wale wanaoifanyia kazi ya kubeba watu na mizigo huitwa abanyonzi. Kwa miaka mingi waliingia mpaka katikati ya mji. Walakini tangu tarehe 21 Machi 2022, baiskeli, pikipiki za abiria na bajaji zilizuiwa kufika huko, na wengi wao wakalazimika kutafuta riziki pembezoni na milimani. Kisha ukaja uhaba wa petroli, foleni za magari zikawa ndefu kwenye vituo vya mafuta, na chombo kile kisichokunywa mafuta kikapata heshima mpya.

Asubuhi moja ya kiangazi marafiki watano walikutana mbele ya karakana ya seremala, saa kumi na nusu za alfajiri. Mkubwa wao alikuwa seremala mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na kitu. Wa pili alikuwa muuguzi, wa tatu askari aliyekuwa likizoni, na wa nne mdogo wake askari huyo, mwanafunzi wa sekondari mwenye miguu mirefu na subira fupi. Wa tano alikuwa mchukuzi, mmoja wa abanyonzi, ambaye kwa miaka minane ameipanda na kuishuka barabara ile kutafuta chakula cha watoto wake. Nia yao ilikuwa kufika Muramvya na kurudi siku hiyo hiyo, jumla ya kilomita zinazokaribia 100. Huko Muramvya anaishi mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma askari na muuguzi, nao walikuwa wamemwahidi kumtembelea tangu Pasaka.

Mke wa seremala aliwatoa mpaka barabarani na taa ya mkononi. Alikuwa amewafungia viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na chupa za chai yenye sukari nyingi na chumvi kidogo. Akawahesabu kwa kidole: "Mmetoka watano. Mrudi watano." Kisha akazima taa kuokoa betri.

Anayetaka kuielewa safari hiyo hana budi kulielewa umbo la nchi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, iliyo kilomita 35 hivi kutoka mjini, iko zaidi ya mita 2,200. Hivyo mwendesha baiskeli hupanda zaidi ya mita 1,400, na barabara humpa mahali pachache sana pa kupumzisha goti. Tena, kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Mtu aliyeondoka Kamenge akitokwa na jasho hufika kileleni akitetemeka, asipokuwa na sweta.

Kilomita za kwanza walizungumza na kucheka. Baada ya hapo kila mtu alinyamaza, akasikiliza mnyororo wake. Mchukuzi ndiye aliyepanga mwendo. Hakutangulia mbele, alikaa nyuma kabisa, karibu na seremala, kwa maana kundi la mlimani huenda kwa mwendo wa aliye mzito. Kila baada ya nusu saa aliwasimamisha, wakanywa mafunda mawili ya chai na kuendelea. Mahali palipokuwa pakali mno walishuka wakasukuma, wala hakuna aliyeona haya.

Jua lilipochomoza walikuwa wamekwisha kuliacha bonde la Imbo chini yao. Ziwa lilionekana lote, likiwa na rangi ya bati jipya, na ng'ambo yake milima ya Kongo iliyo juu ya Uvira ilikuwa ingali na ukungu. Migomba ilifunika miteremko pande zote mbili. Seremala aliegemeza baiskeli yake akatazama kwa muda mrefu. Alikumbuka miaka ile iliyofuata Oktoba 1993, wakati magari yalipopita hapa kwa misafara yenye ulinzi, na Kamenge yenyewe ilipobaki mahame, watu wake wakiwa wametawanyika milimani na ng'ambo ya mpaka. Makubaliano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na vita havikukoma siku hiyo. Basi kwa mtu wa rika lake, kusimama kando ya barabara hii asubuhi, kula kiazi kitamu na kutazama ziwa, si jambo dogo. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba zamani hapa hapakuwa mahali pa kusimama.

Kuanzia hapo walianza kukutana na wale wateremkao. Hakuna mgeni apitaye barabara hiyo asiyewakumbuka: wachukuzi walioinama juu ya usukani, nyuma yao mikungu ya ndizi mitano au sita, au magunia ya makaa yaliyofungwa kwa kamba za mpira, wakipita kona kwa kasi inayoyapita malori. Na wapandao nao wana desturi yao. Lori linapopunguza mwendo mlimani, mchukuzi hulikimbilia, akashika chuma au mnyororo wa nyuma kwa mkono mmoja, akavutwa mpaka juu. Wakati mwingine huonekana watatu au wanne wakining'inia nyuma ya lori moja. Askari wa barabarani hulikemea jambo hilo, na kila mwenye kulifanya anamfahamu mtu aliyelipia kwa mguu au kwa uhai.

Mwanafunzi alikuwa ameyatazama malori hayo tangu asubuhi. Ilipata saa mbili na nusu, lori lililobeba saruji liliwapita polepole likinguruma, na nyuma yake pakaning'inia mnyororo. Kabla kaka yake hajafungua kinywa, kijana alikuwa amesimama juu ya pedeli, akanyosha mkono wa kushoto akaushika. Aliwapita akicheka. Katika kona ya kwanza alipotea machoni mwao.

Mambo yaliyotokea katika kona ya pili yalichukua muda mfupi kuliko kuyasimulia. Dereva alibadili gia, lori likasita kisha likavuta kwa nguvu. Mkono wa kijana ulivutwa mbele, usukani ukaenda upande. Papo hapo wachukuzi wawili wa ndizi wakatokea juu wakiteremka, mmoja akapiga ukelele, na kijana akaachia mnyororo. Akaanguka upande wa ukuta wa mlima. Lau angeangukia upande wa pili, lori lililokuwa likishuka nyuma ya wale wawili lingemkuta katikati ya njia.

Walipomfikia alikuwa ameketi majanini, uso umempauka. Kiwiko na goti vilikuwa vimechubuka hadi damu, na gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama sahani iliyokaliwa. Askari alitaka kumkaripia, lakini sauti haikumtoka. Muuguzi alimtazama macho, akamwuliza jina la mtaa na siku ya juma, akamwamuru akunje na kukunjua kila kiungo. Baada ya hapo alimwosha majeraha kwa maji safi na sabuni, akayafunga kwa kitambaa alichokuwa ameki­pasha pasi nyumbani kwa ajili hiyo.

Mchukuzi alichuchumaa karibu na gurudumu. "Mdogo wangu," alisema bila kumtazama, "sikia jinsi chombo kile kinavyoua. Mkono mmoja ukishika lori, mmoja ndio unaobaki na usukani na breki. Huoni shimo, kwa sababu lori limekufunika macho. Lori likikata kona, matairi yake ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, na wewe uko huko huko ndani. Dereva hakuoni. Hata akikuona, hawezi kusimama mlimani kwa ajili yako."

Kijana akajibu kwa sauti ndogo, "Lakini, kaka, wewe nawe hushika. Nimekuona."

Kimya kikapita. Mchukuzi akafungua skafu yake shingoni, akaonyesha kovu lililoanzia sikioni likashuka mpaka begani. "Mimi hushika," alisema, "kwa sababu nina gunia la ndagala nyuma yangu, na nikifika Bugarama saa sita badala ya saa tatu, soko limekwisha kupoa na watoto wangu watalala na njaa. Hilo si jibu zuri, lakini ni jibu. Wewe umeshika kwa ajili ya nini?"

Kijana hakuwa na jibu.

Kunyosha gurudumu kulichukua saa nzima. Seremala alilikandamiza juu ya jiwe kwa magoti, mchukuzi akazilegeza njiti za upande mmoja na kuzikaza za upande wa pili kwa ufunguo mdogo, akilizungusha na kulitazama, akilizungusha tena. Halikurudi kama lilivyokuwa, ila liliacha kugusa uma. Wakaendelea, safari hii wakisukuma zaidi kuliko kuendesha, na kijana akiwa katikati yao.

Walifika Bugarama saa sita kasorobo. Ni mahali pa baridi na harufu ya mvuke wa viazi. Hapo barabara hugawanyika: moja huelekea kaskazini kwenda Kayanza, nyingine huelekea mashariki kwenda Muramvya na Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi mwaka 2019. Pande zote mbili za njia akina mama hupanga kabichi, karoti, vitunguu vya majani na viazi mviringo katika marundo nadhifu, na kila basi linaposimama madirisha yake huzingirwa na mboga. Kaskazini, juu ya mgongo huo huo wa milima, umekaa msitu wa Kibira, hekta zipatazo 40,000, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980.

Hapo ndipo walipoketi kufanya hesabu. Muramvya ilikuwa imebaki mwendo wa kilomita zisizozidi 20, kwenda kwa kuteremka na kurudi kwa kupanda. Jua huzama saa kumi na mbili za jioni, na katika nchi hizi za ikweta giza halingoji. Wangefika Muramvya saa nane, wakae kidogo, warudi Bugarama saa kumi na moja na nusu wakiwa wamechoka, na mteremko wote wa kwenda Kamenge wangeushuka usiku, bila taa, na gurudumu moja bovu. Askari alisema wajaribu, kwa kuwa ahadi ni deni. Seremala alisema deni hulipwa na aliye hai. Mchukuzi, ambaye peke yake alikuwa amewahi kuishuka barabara ile gizani, alitikisa kichwa tu.

Muuguzi akampigia simu mwalimu wao, akamweleza yote bila kuficha. Mzee alisikiliza, akauliza swali moja: "Mtoto anaweza kukunja goti?" Alipoambiwa anaweza, alisema, "Basi kaeni hapo hapo."

Baada ya saa moja na robo, lori la kabichi lilisimama kando ya soko. Mlango wa upande wa abiria ukafunguka, akashuka mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo, akiwa na furushi la mahindi ya kuchoma. Akawapa mkono mmoja mmoja kwa mikono miwili, kwa desturi ya kwao, akisema, "Amahoro, amahoro." Alipomfikia mwanafunzi alimtazama bendeji. "Nami pia nimekuja kwa lori," alisema. "Ila mimi nimeketi ndani, na dereva anajua kuwa niko." Wote wakacheka, na kijana ndiye aliyecheka zaidi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mwalimu hustaafu kazi, lakini kazi haimstaafu. Aliwaongoza mpaka nyuma ya vibanda, mahali ambapo mgongo wa mlima uko wazi, akaomba chupa ya maji. Akamimina kidogo upande wa magharibi. "Maji haya," alisema, "yataingia ziwani kwenu. Tanganyika hutoa maji yake kwa mto Lukuga, Lukuga huyapeleka katika Lualaba, nayo ndiyo Kongo. Yataishia bahari ya Atlantiki." Akageuka, akamimina kidogo upande wa mashariki. "Na haya yatashika Ruvubu, kisha Kagera, yaingie Ziwa Victoria, yatoke kwa Nile, yapite Sudani na Misri mpaka bahari ya Mediterania." Kisha akawaeleza habari za Mjerumani Burkhart Waldecker, ambaye mwaka 1938 alijenga piramidi ndogo ya mawe huko Rutovu, kusini mwa nchi, kuonyesha chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. "Mmekuwa mkisikitika kwamba hamkufika Muramvya," alimaliza. "Mmefika mahali ambapo mito miwili mikubwa ya Afrika inapeana kisogo. Nendeni nyumbani."

Walikula mahindi pamoja. Kijana, akiwa sasa amechangamka, alisimulia mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, ya kwanza katika bara la Afrika, na jinsi Tadej Pogačar wa Slovenia alivyoshinda mbio za kilomita 267.5 katika vilima kama hivi. Kaka yake akamkumbusha habari nyingine. Mwaka 2015 Vincenzo Nibali wa Italia, aliyekuwa ameshinda Tour de France mwaka uliotangulia, alifukuzwa katika mashindano ya Uhispania kwa kulishika gari la timu yake likamvuta. "Hata bingwa," alisema askari, "mkono ukishika gari, si yeye tena anayeendesha." Kijana alikubali kwa kichwa.

Saa nane na nusu waliagana na mzee na kuanza kuteremka. Wengi hudhani kushuka ni kupumzika, ilhali hapo ndipo pa hatari zaidi. Nguvu yote waliyoitumia kupanda mita zile 1,400 haina budi kuishia mahali fulani, nayo huishia kwenye rimu na raba za breki, ikiwa joto. Raba iliyopata moto sana huyeyuka juu juu, ikateleza, na mkono hubana bure. Mchukuzi aliwapa sheria tatu: waachane hatua ishirini mtu na mtu, wasibane breki mfululizo bali kwa kubana na kuachia, nyuma kwanza kisha mbele, na kila kilomita tatu wasimame, waguse rimu kwa kidole chenye mate. Kidole kikilia chwii, wasubiri.

Mara kumi walisimama, na mara kumi wachukuzi wa ndizi waliwapita kama mishale, wakipiga mluzi. Mwanafunzi hakuwatazama tena kwa kijicho. Mara moja aliuliza mkungu mmoja huuzwaje mjini. Mchukuzi alipomtajia bei, na kumpunguzia humo bei ya kununulia shambani na ya kukodi baiskeli, kijana alinyamaza mpaka kituo kilichofuata.

Joto la Imbo liliwapokea taratibu, sweta moja baada ya nyingine zikarudi mifukoni. Walifika karakana ya seremala saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, ziwa likiwa jekundu nyuma ya mapaa ya mabati. Mke wa seremala alitoka na taa isiyohitajika bado. Alihesabu kwa kidole, akafika tano, ndipo akauona mkono uliofungwa. Hakuuliza swali barabarani. Aliwaingiza ndani, akatenga maji ya moto, akapakua maharage na ugali wa muhogo.

Wakati wa kula, seremala alimwuliza mchukuzi gunia lake la ndagala huwa na uzito gani, na huondoka saa ngapi kwenda Bugarama. Alijibiwa kuwa ni kilo 50, na kuwa huondoka saa tisa za usiku ili alikute lori la kwanza. Seremala hakusema neno. Baada ya siku mbili alimwita karakanani, akampa raba mpya nne za breki alizonunua, na taa ya kufunga mbele ya usukani aliyoiondoa katika baiskeli yake mwenyewe. "Ukiondoka saa saba," alimwambia, "utahitaji kuona."

Siku ya soko iliyofuata, muuguzi aliyekuwa akirudi kutoka zamu ya usiku alikutana na mchukuzi njiani, karibu na hospitali. Ilikuwa saa saba na robo. Taa ya mbele ilikuwa ikiwaka, gunia limefungwa vema nyuma, na barabara ilikuwa haina lori hata moja. Walisalimiana, kisha mchukuzi akainama juu ya usukani na kuanza kupanda.